Hatua 412

Namanga, Juni 2012

Nilizihesabu. Kutoka mlango wa ofisi yetu upande wa Tanzania, kuwapita akina mama wa Kimaasai na shanga zao, kupita ubavuni mwa malori yaliyopanga foleni, dirisha la uhamiaji, kizuizi cha kwanza, kile kipande cha lami kisicho cha huku wala cha kule, kizuizi cha pili, dirisha jingine la uhamiaji, mpaka kwenye meza ya mwenzetu upande wa Kenya, ni hatua 412. Karani wetu alikuwa akimpigia mwenzake wa ng'ambo mara ishirini kwa siku, siku nyingine thelathini. Lori fulani limeingia, namba ya tela ni hii, karatasi ya ushuru imegongwa muhuri au bado. Akitumia simu ya mezani alibonyeza 005, namba ya kuingilia Kenya, na kuanzia hapo ilihesabiwa simu ya nchi nyingine. Kwenye simu hiyohiyo, akiitafuta Dar es Salaam iliyo zaidi ya kilomita 700 kwa barabara, alikuwa anapiga simu ya ndani.

Usiku ule gesti niliandika kwenye daftari mistari miwili tu. Hatua 412: nje. Kilomita 700: ndani. Ofisi nyingine zote za safari ile nilizipima kwa mistari hiyo, zile nilizokwishazipita na zile zilizokuwa mbele.

Nilitumwa na kampuni ya uwakala wa forodha na usafirishaji, yenye ofisi Dar es Salaam, Zanzibar, Mwanza, Arusha, Namanga, Nairobi na Mombasa. Kila ofisi ilikuwa na mtambo wake mdogo wa simu, ule unaomwezesha mhasibu kubonyeza tarakimu tatu akampata mtu wa stoo bila kulipa kitu. Ukivuka ukuta wa jengo tu, gharama inaanza. Na wakati huohuo kila ofisi ilikuwa inalipia, mwezi kwa mwezi, laini ya kukodi ya data ya kupitishia nyaraka za forodha na hesabu. Laini ile unailipia ijae au ilale tupu. Kazi yangu ilikuwa kuiunganisha mitambo yote kwa laini ambayo tayari imelipiwa, ili Mwanza iwe kama chumba cha pili cha Dar.

Mwenye kampuni, mzee aliyeanza na Fuso moja, hakutaka maelezo marefu. "Kwa hiyo, kijana, unataka simu ipande lori linalorudi tupu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nenda."

Nimesoma vitabu vya kazi hii na nimekaa kwenye semina zake, lakini mpaka leo ninapomfundisha fundi mpya naanza na lori la mzee yule.

Kabla ya kuondoka Dar nilitumia siku nzima kupanga namba, na siijutii. Mtu hakumbuki mtambo, anakumbuka namba. Nilichukua misimbo ya miji ambayo watu walishaizoea: Dar es Salaam ni 022, basi ekstensheni zake zote zikaanza na 22. Zanzibar 24, Arusha na Namanga 27, Mwanza 28. Nairobi ni 020, ikawa 20, na Mombasa 041 ikawa 41. Meza ya Namanga upande wa Kenya niliiweka chini ya Nairobi. Tarakimu nne zinamfikisha mtu popote, wala hahitaji kujua sauti imepita wapi.

Zanzibar

Zanzibar nilikaa siku moja. Ofisi ina watu wanne, mtambo ukakaa juu ya kabati la mafaili, na kabla ya adhuhuri 2401 ilikuwa inaongea na Dar bila kasoro yoyote. Saa mbili za boti, bahari yote ile katikati, na bado simu ya Unguja kwenda Dar imekuwa siku zote ya ndani. Katika mpangilio wa kimataifa Zanzibar ilitengewa msimbo wake, 259, lakini hautumiki, na visiwa vinaingia kwa 255 ya Tanzania. Nilipofika Namanga siku kadhaa baadaye niliikumbuka bahari ile.

Alasiri nilikwenda Shangani kulitazama jengo la zamani la Extelecoms, ambalo siku hizi ni hoteli. Waya wa telegrafu wa kampuni ya Eastern Telegraph ulifika kisiwani mwaka 1879 ukitokea Aden, ukaendelea kusini mpaka Durban. Telegrafu ililipiwa kwa neno. Kwa hiyo wafanyabiashara wa zama zile, huku na kwingineko duniani, walinunua vitabu vya mafumbo ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima: nunua lakini usivuke bei ya jana, meli imechelewa, subiri barua. Aliyetuma alilipia neno moja, aliyepokea alifungua kitabu akasoma maneno kumi. Sijui kwa nini hadithi hii haifundishwi kwenye vyuo vyetu vya simu. Fundi angeanza kazi akijua kwamba tangu waya wa kwanza ulipolazwa, mtu wa ofisini amekuwa akitafuta namna ya kusema mengi kwa malipo machache.

Mwanza

Huku ndiko nilikokaa sana, siku tisa, na siku nne kati ya hizo zililiwa na kosa moja.

Kwenye meza ya mapokezi alikuwepo mama mmoja mtu mzima aliyejifunza kazi enzi za Shirika la Posta na Simu. Nilipoingia na maboksi yangu nikamwamkia, aliitikia marahaba, akanitazama nikifungua waya, kisha akaniuliza waziwazi: "Mwanangu, hiki ndicho kitakachonitoa hapa?" Nikamwambia hapana, mama, wateja bado wanahitaji mtu wa kuwapokea. Sikuwa na mamlaka ya kumwahidi hivyo. Jioni nikampigia mzee Dar, nikamweleza, na mzee akasema mama yule atabaki. Nimelihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya kazi ya ufundi, kwa sababu mtambo unaoingia ofisini kama tishio watu hawaujifunzi.

Aliponizoea alinisimulia simu za masafa zilivyokuwa. Ulimwomba opereta, ukampa namba, ukaambiwa subiri, ukarudi kwenye kazi zako. Baada ya saa nzima, au mbili, kengele inalia: Dar yuko hewani, zungumza. Dakika tatu zikiisha opereta anaingia katikati kuuliza kama unaongeza. Watu waliandika maneno yao kwenye karatasi kabla ya kupiga. Yeye aliweza kujua kwa mshindo wa pumzi ya mtu kama dakika ya tatu imekaribia.

Sasa lile kosa. Dar walikuwa wanaisikia Mwanza vizuri kabisa, Mwanza hawaisikii Dar hata kidogo. Sauti ya upande mmoja. Kila fundi wa simu za intaneti amelala nayo usiku mmoja au miwili. Nilikaa chini kwenye stoo ya nyuma, mgongo ukiegemea magunia, kompyuta mapajani, nikizitazama pakiti zikiondoka na kutorudi. Siku ya nne ndipo nilipobaini kwamba mtoa huduma, bila kutuarifu, alikuwa ameweka njiani ruta inayobadilisha anwani. Simu ya Mwanza ilikuwa inaiambia Dar, "nirudishie sauti kwenye anwani hii," na anwani yenyewe ni ya mle ndani. Ni sawa na kumwelekeza mgeni wa mkoa mwingine kwa kusema nyumba ya tatu kutoka dukani kwa Mangi. Mtaani kwako kila mtoto anaijua, lakini huko aliko yeye haimfikishi popote.

Mtambo niliotumia ni Asterisk, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer, kijana wa Alabama aliyekuwa na kampuni changa na hakuweza kununua mtambo wa simu wa bei ya siku zile. Ndani yake mna njia mbili za kusafirisha simu. Ya kwanza, SIP, inatuma maagizo kwa mlango mmoja na sauti kwa milango mingine, na hapo ndipo ruta ya mtu inapokupoteza. Ya pili, IAX, inapitisha maagizo na sauti yote kwa mlango mmoja tu, namba 4569. Nikahamia ya pili. Dakika kumi baadaye Dar ilisikika.

Njia hii ya pili ilinipa na faida nyingine ambayo watu wa mizigo waliielewa kabla sijamaliza kuieleza. Sauti haisafiri kama maji kwenye bomba. Inakatwa vipande vya milisekunde 20, vipande 50 kwa sekunde, na kila kipande kinawekwa kwenye bahasha yake. Ukiibana sauti kwa kodeki inayoitwa G.729, kila kipande ni baiti 20, lakini bahasha yake ni baiti 40. Barua ndogo, bahasha kubwa mara mbili! Ikiwa watu sita wa Mwanza wanaongea na Dar kwa wakati mmoja, zinaondoka bahasha sita kila mara. IAX inazitia barua zote sita katika bahasha moja. "Kontena la mchanganyiko," akasema kijana wa stoo, ambaye kazi yake ya kila siku ndiyo hiyo, kukusanya mizigo ya wateja sita ndani ya kontena moja ili walipie kontena moja.

Laini ya Mwanza ilikuwa ya kilobiti 512. Kwa sauti isiyobanwa, kila mazungumzo yanakula kama kilobiti 87 pamoja na bahasha zake, kwa hiyo watu watano wanaongea na wa sita anaharibu wote. Kwa sauti iliyobanwa ni kama kilobiti 31, wakaingia kumi na sita, ilimradi hakuna mtu anayetuma mafaili ya hesabu. Na mafaili hutumwa. Kila siku saa kumi jioni sauti ilianza kukatikakatika, mpaka nilipoiagiza ruta kwamba sauti itangulie na mafaili yasubiri. Faili likichelewa sekunde mbili hakuna anayejua. Neno likichelewa nusu sekunde, watu wanagombana.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuwaona wakigombana. Mwaka 2006, katika kazi nyingine, tulijaribu jambo hilihili kwa dishi la setilaiti. Setilaiti ile iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti ikipanda na kushuka inachukua kama robo sekunde. Jibu nalo robo. Unauliza, kimya, unadhani mwenzako hajasikia, unauliza tena, na jibu lake la kwanza linakukuta katikati ya swali lako la pili. Baada ya wiki moja wafanyakazi walianza wenyewe kusema "ova" mwisho wa kila sentensi kama kwenye simu ya upepo. Wiki ya tatu wakairudia simu ya kulipia. Kilichobadilisha mambo ni nyaya za baharini, SEACOM iliyoanza kazi Julai 2009 ikiwa na vituo Dar es Salaam na Mombasa, kisha nyingine zilizofuata, pamoja na nyuzi za mkongo zilizoelekea bara. Kati ya Mwanza na Dar ucheleweshaji ukawa mdogo kiasi kwamba sikio halina habari nao.

Simu ya kwanza nilimwachia mama aipige. Alibonyeza 2200 kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayeogopa kukosea. Upande wa pili alipokea mwenzake wa mapokezi ya Dar, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa na hawajawahi kuonana.

"Dar, unanisikia?"

"Nakusikia dada. Mbona uko karibu hivyo?"

Waliongea dakika ishirini na sita. Nilizisoma baadaye kwenye kumbukumbu za seva. Waliongea habari za mjukuu, za goti la mmoja wao, za bei ya sangara, na katikati ya hayo wakagundua kwamba mteja mmoja alikuwa anadaiwa na ofisi zote mbili kwa majina mawili tofauti. Meneja wa Mwanza aliniuliza kama naweza kuweka kikomo cha dakika tano. Kuweka nilikuwa naweza, lakini nilimshauri asithubutu. Wale waliobanwa na dakika tatu kwa miaka yote hiyo walikuwa na mengi ambayo hayajasemwa, na baadhi yake yalikuwa mali ya kampuni.

Jambo moja tu la zamani nililiacha mahali pake. Simu ya waya wa shaba inapata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48, ndiyo maana hata taa zikizimika mji mzima yenyewe inalia. Simu zangu mpya zinakufa pamoja na taa. Mgao wa mwaka 2011 haukuwa umesahaulika, kwa hiyo juu ya meza ya mama tuliacha chombo kimoja cha zamani, nikakibandika karatasi nyekundu.

Arusha

Arusha kazi ilikwenda haraka na sina mengi ya kuandika kuhusu mitambo. Lakini huko ndiko nilikokutana na swali ambalo kila mtu wa kazi hii analikuta siku moja. Mtu mmoja, rafiki wa rafiki, alinikaribisha nyama choma na kunieleza mpango wake. Zije simu kutoka nje ya nchi kwa intaneti, tuzipokee kwenye mtambo kama huu wangu, tuziachie mitaani kupitia boksi lililojaa laini za simu za mkononi, zionekane kama simu za ndani. Faida, alisema, ni kubwa kuliko ya malori.

Nilikataa na nilimweleza kwa nini. Ofisi ya Arusha kuongea na ofisi ya Mwanza ya kampuni ileile ni watu wa nyumba moja wanaoongea. Kuchukua simu ya mtu baki, anayelipa bei ya simu ya kimataifa huko aliko, na kuiingiza kwenye mtandao wa umma kwa bei ya ndani ni kuchukua kilicho cha mtandao unaoipokea na cha hazina ya nchi. Kwa nje, mambo haya mawili yanafanana sana: programu ileile, ruta ileile, waya uleule. Kwa sababu hiyo nilijiwekea mpaka mkali kuliko nilioombwa na mtu yeyote. Dar ingeweza kuipeleka simu Nairobi na kuiachia pale kwa mteja wa Nairobi kama simu ya mtaa, na pesa ingeokolewa nyingi. Sikuifungua njia hiyo. Ofisi kwa ofisi, basi. Mwenye kampuni aliuliza mara moja tu, nikamjibu, hakuuliza tena.

Nairobi

Nilifika Nairobi nikiwa na ari ya mtu aliyeokoa pesa za Mwanza. Kijana wa utawala alinipokea vizuri, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Boss, lakini hapa si shida. Mimi huwapigia tu na simu yangu."

Alikuwa anasema kweli, na nilihitaji siku mbili kuelewa kwa nini ukweli wake hauwi ukweli wa Dar. Mtandao mmoja unapompelekea mwingine simu, unaulipa huo mwingine kwa kila dakika. Kenya mwaka 2010 malipo hayo yalishushwa kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na mitandao ikaanza kushindana mpaka mmoja ukafika shilingi 3 kwa dakika. Kwa pesa yetu ya wakati ule ni kama shilingi 55. Tanzania, mwaka ule wa safari yangu, malipo ya mtandao kwa mtandao peke yake yalikuwa shilingi 112 kwa dakika, kabla aliyekuuzia vocha hajaweka faida yake. Machi 2013 ndipo yaliposhuka hadi 34.92, na yakaendelea kushuka mwaka hadi mwaka mpaka shilingi 2 mwaka 2022.

Hapo nikaelewa kitu nilichokuwa nakiona tangu Mwanza bila kukisoma. Mtanzania wa 2012 alitembea na laini tatu, ama na simu mbili mfukoni, akibadilisha kufuatana na anayempigia, na asiye na salio alibipu. Kijana wa Nairobi alikuwa na laini moja na hakuona haja ya nyingine. Wa kwetu alikuwa anafanya kwa vidole vyake kazi ambayo mimi nilikuwa naiweka kwenye mtambo: kutazama namba inakokwenda, kisha kuchagua njia ya bei nafuu. Kila mama lishe wa Kariakoo alikuwa anaifanya kutwa nzima.

Kwa hiyo Nairobi niliacha mtambo mdogo, ekstensheni nane tu. Zilizotumika kweli zilikuwa zile za kuongea na Tanzania.

Mombasa

Mombasa shida ilikuwa mwangwi. Mzee wa mapokezi ya mizigo, Mswahili wa Mji wa Kale aliyevaa kofia ya vito, alinikabidhi mkono wa simu na kusema: "Hebu sikiza, mwanangu. Hii ni simu ama ni kisima?" Nikasema haloo, nikajisikia nikijibiwa haloo na mimi mwenyewe.

Mwangwi ule haukuletwa na mtambo wangu, ulikuwepo siku zote. Penye kukutana waya wa zamani wa shaba na mtambo wa kidijitali, sehemu ya sauti yako hugonga na kurudi. Ikirudi papo hapo unaisikia kama sauti yako ya kawaida. Ukiichelewesha kidogo, kama zinavyofanya pakiti, ndipo inapojitenga na kuwa mtu wa pili. Nilipunguza nguvu ya sauti kwenye laini zile, nikawasha kifuta mwangwi, nikabadilisha viungo vilivyoliwa na chumvi ya bahari. Siku ya tatu mzee akanirudishia mkono wa simu bila neno, akaenda kuswali.

Nilichokipenda Mombasa ni saa zao. Mwanza walitumia mtambo kujuliana hali na kumaliza mambo, Nairobi kidogo sana. Mombasa waliutumia saa nane na saa tisa za usiku, meli inapofunga gati na kontena la mteja wa Mwanza linapoonekana kwenye orodha. Zamani habari hiyo ilisubiri asubuhi, kwa kuwa nani angepiga simu ya nchi nyingine usiku kwa pesa ya ofisi bila ruhusa ya meneja? Sasa mlinzi wa Mwanza aliyelala karibu na 2805 anapokea, anaandika, na saa mbili asubuhi dereva ameshajua.

Namanga tena

Nikarudi Namanga kumalizia meza mbili. Ile ya upande wetu ilipanda mnara wa redio uliotupeleka Arusha na kutoka Arusha Dar. Ile ya ng'ambo iliingia Nairobi. Dar na Nairobi tayari zilikuwa zinaongea. Kwa hiyo karani anapobonyeza 2061 kumwita mwenzake, sauti yake inaanza safari: Namanga, Arusha, Dar es Salaam, inavuka kwenda Nairobi, inashuka barabara ya Kajiado mpaka Namanga. Zaidi ya kilomita elfu moja ili kuruka hatua 412, na haikulipiwa hata senti juu ya ile iliyolipwa mwanzo wa mwezi.

Nilimweleza karani kwa kumchorea kwenye boksi la simu. Aliutazama mchoro kwa muda, akatazama dirishani, kule kwenye vizuizi viwili, akaniuliza kwa nini sikutandika tu waya kutoka meza hii hadi ile. Nikamwambia waya unaovuka mpaka wa nchi unahitaji leseni ambazo kampuni ya malori haiwezi kuzipata. Alinyamaza. Na mimi nilikuwa nimeshajiuliza swali hilohilo, kwa uchungu. Mpaka mwaka 1977 simu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliendeshwa na shirika moja la Afrika Mashariki lenye makao makuu Kampala. Kuna watu wazima Namanga wanaoikumbuka siku ambayo jirani alianza kuwa nchi za nje.

Wengine wamejaribu kuirudisha nyuma siku hiyo. Mwaka 2006 Celtel iliwawezesha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kuvuka mpaka na laini zao bila kutozwa ada ya ugenini. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda ziliingia makubaliano ya eneo moja la mtandao, ambamo kupokea simu ukiwa nchi ya jirani hakukulipiwa na kupiga kuliwekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Tanzania haikuwemo katika mwanzo huo. Naandika hivi kama Mtanzania, na inaniuma.

Februari 2019 nilipita tena, safari hii nikiwa abiria tu wa basi la Nairobi. Kituo cha pamoja cha forodha kilikuwa kimefunguliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018, na maofisa wa nchi zote mbili sasa wamekaa chini ya paa moja. Basi lilikuwa na foleni ndefu, nikapata muda wa kwenda ofisini. Karani yule sasa ndiye msimamizi. Alinikumbuka, akaniagizia soda. Mfukoni alikuwa na simu ya kioo iliyokuwa ikitetemeka kila dakika kwa makundi ya WhatsApp, picha za nyaraka, sauti za madereva zilizorekodiwa barabarani.

Nikamwuliza kama ile ya mezani bado inafanya kazi. Akanisogezea. Ilikuwa na vumbi pembeni, katikati hakuna. Kwenye vibonyezo, 2 ilikuwa imefutika kabisa, na 0, na 6, na 1. Tano ilikuwa bado nyeusi kama siku niliyoitoa kwenye boksi.